Mataifa yakifungiana milango, sola ya Tukuyu itapanda bei?

Swali: "Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wilayani Rungwe. Kituo chetu kina tangi la kupozea maziwa la lita 1,000, linalotumia umeme wa TANESCO, na umeme ukikatika tunawasha jenereta ya dizeli. Mkutano umekubali tufunge sola, lakini baadhi ya wanachama wanataka tusubiri kwa kuwa mataifa makubwa yanatozana ushuru na bei hazitabiriki, na wengine wanataka tuharakishe kabla milango haijafungwa kabisa. Kitaalamu, kulegea huku kwa uhusiano wa kiuchumi duniani kunaathiri vipi matumizi ya nishati jadidifu, kama ya jua, maji na upepo, na sisi tufanye nini?"

Jibu: Ndugu Katibu, pande zote mbili za mkutano wenu zina hoja, ila zote zimeitazama paneli peke yake, na paneli ndiyo sehemu ya mradi wenu inayostahili kuwatia wasiwasi kidogo kuliko zote. Kwa maoni yangu, mgawanyiko wa uchumi wa dunia unawafikia watu wa Nyanda za Juu Kusini kwa njia ya fedha na vipuri zaidi kuliko kwa njia ya bei ya paneli, na uamuzi wenu ukijengwa juu ya jambo hilo utakuwa tofauti na ule wa kusubiri au wa kukimbilia.

Ni vyema kwanza tuelewane kuhusu kinachotokea. Kwa miongo kadhaa biashara ya nje ilikua haraka kuliko uzalishaji wenyewe, hadi mwaka 2008 ilipofikia takribani asilimia 61 ya pato la dunia. Tangu hapo haijaporomoka moja kwa moja. Imekuwa ikishuka na kurejea, na mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, ilianguka vibaya kabla ya kuinuka tena. Kilichobadilika zaidi ni nani anauziana na nani, na kwa masharti gani. Chombo cha rufaa cha Shirika la Biashara Duniani hakijaweza kusikiliza shauri lolote jipya tangu Desemba 2019, kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wa wajumbe wake, kwa hiyo nchi inayowekewa ushuru isiyoukubali haina tena mahali pa kuufikisha mgogoro hadi mwisho.

Sola ni miongoni mwa bidhaa zilizoguswa mapema na kwa nguvu. Marekani ilianza kuzitoza paneli za China ushuru wa ziada mwaka 2012. Januari 2018 ikaweka mwingine wa asilimia 30 uliozihusu nchi nyingi. Na mwaka 2024 ikaupandisha hadi asilimia 50 ushuru mmojawapo wa seli za sola za China, yaani vipande vinavyounda paneli. Aprili 2025 ikazigeukia Kambodia, Malaysia, Thailand na Vietnam, na kwa baadhi ya kampuni za Kambodia kiwango kikazidi asilimia 3,500, ambacho mtu mkweli angekiita marufuku. India nayo tangu Aprili 2022 inatoza asilimia 40 kwa paneli zinazotoka nje. Umoja wa Ulaya uliwahi kuweka bei ya chini kabisa kwa paneli za China mwaka 2013, kisha ukaiondoa mwaka 2018.

Hasara ya hatua hizi kwa dunia nzima ni ya kweli, kwa kuwa sola ilishuka bei kutokana na kazi ya wengi. Seli ya kwanza yenye manufaa ilitengenezwa katika maabara ya Marekani mwaka 1954, soko kubwa likafunguliwa na sera za Japani na Ujerumani, na viwanda vikubwa vikajengwa China. Kila mara jumla ya paneli zilizotengenezwa duniani ilipoongezeka maradufu, bei ilishuka kwa takribani moja ya tano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba Marekani, Ujerumani na China ziliokoa dola bilioni 67 kati ya mwaka 2008 na 2020 kwa kununua katika soko la pamoja la dunia badala ya kila moja kujitengenezea, na kwamba nchi hizo zikijifungia, paneli mwaka 2030 zitakuwa ghali kwa asilimia 20 hadi 25 kuliko ambavyo zingekuwa. Mtu akikuambia kwamba kulegea kwa utandawazi kunachelewesha nishati jadidifu, huo ndio msingi wa hoja yake, na msingi huo ni imara.

Hata hivyo, ushuru wa Marekani na India hautozwi katika Bandari ya Dar es Salaam. China inashika zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji katika kila hatua ya paneli, kuanzia silikoni, malighafi yake, hadi paneli kamili, na viwanda vyake vina uwezo unaozidi mahitaji ya dunia. Masoko makubwa yalipoanza kuvifungia milango, mzigo ulitafuta pa kwenda. Mwaka 2023 pekee bei ya paneli katika soko la dunia ilishuka kwa karibu nusu, na kwa takwimu za taasisi ya utafiti wa nishati ya Ember, Afrika iliingiza kutoka China paneli zenye uwezo wa takribani megawati 15,000 katika miezi kumi na miwili iliyoishia Juni 2025, ongezeko la asilimia 60 kwa mwaka mmoja. Paneli mnazoziona zimepangwa madukani Mwanjelwa, Mbeya, ni sehemu ya mkondo huo. Ugomvi wa wakubwa, kwa sasa, umetunufaisha sisi tulio kando yake.

Nasema kwa sasa kwa sababu bei hii haina mizizi. Viwanda vikubwa vya China vilitangaza hasara mwaka 2024, na Serikali yao ilipunguza marejesho ya kodi kwa paneli zinazouzwa nje kutoka asilimia 13 hadi 9 kuanzia Desemba mosi ya mwaka huo. Anayewategemea wauzaji wa nchi moja anakumbuka pia kipindi cha 2021 na 2022, bei ya silikoni ilipopanda zaidi ya mara tatu na paneli zikapanda nayo. Kwa hiyo wanaosema bei inaweza kupanda hawajakosea. Walichosahau ni hesabu: katika mfumo kama wenu gharama kubwa imo katika inveta (kifaa kinachougeuza umeme wa paneli uweze kuendesha mashine za kawaida), betri, nyaya, fremu, usafiri na ufundi, na ikiwa paneli ni moja ya tano ya gharama yote, basi paneli zikipanda kwa robo nzima, mradi unapanda kwa asilimia 5 tu. Hilo si jambo la kuufanya mkutano mkuu ukose usingizi.

Kuhusu usafiri niseme kwa ufupi, maana imezuka dhana kwamba mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2023 yameifunga njia ya bidhaa zetu. Meli itokayo China kuja Dar es Salaam haipiti huko. Inavuka Bahari ya Hindi. Tuliguswa kwa njia ya mzunguko, kwa kuwa meli za Asia na Ulaya zilipolazimika kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kontena ziliadimika na nauli zikapanda kwa wote. Lakini mkiagiza kompresa au vipuri vya tangi lenyewe kutoka Ulaya, hiyo ndiyo safari inayorefuka, na muuzaji aulizwe mapema.

Sasa linganisheni sola na jenereta yenu. Dizeli ni bidhaa ya kuagizwa kila mwezi, mwaka hata mwaka, wakati paneli huagizwa mara moja na kuendelea kuzalisha kwa miaka 25 hivi hata kama mtengenezaji wake amefilisika au nchi yake imefungiwa. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya mafuta ilipanda hadi Serikali ikalazimika, mwezi Juni, kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100. Aliyekuwa na jenereta hapo kwenu Tukuyu alilipa zaidi kuliko wa Dar es Salaam, kwa kuwa bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huongeza gharama ya kuyasafirisha mafuta hadi huku juu. Katika mwaka huo huo, aliyekwisha kufunga sola hakuongezewa hata shilingi moja kwa uniti aliyoizalisha. Hapa ndipo kulegea kwa uhusiano wa kiuchumi kunapoisukuma mbele nishati jadidifu badala ya kuirudisha nyuma, na si mara ya kwanza: baada ya mafuta kuadimika mwaka 1973, Denmaki iligeukia upepo, na Brazili mwaka 1975 ikaanzisha mpango wake wa kuendesha magari kwa spiriti ya miwa. Woga wa kunyimwa mafuta umefanya kazi ambayo mahubiri ya mazingira hayakuifanya.

Ila woga haununui vifaa. Nishati jadidifu ina tabia moja inayoitofautisha na jenereta: karibu gharama yake yote hulipwa siku ya kwanza. Jenereta inanunuliwa kwa bei ndogo na kulipiwa polepole katika kituo cha mafuta. Sola inalipiwa umeme wa miaka mingi kabla haijawasha taa moja. Kwa hiyo chochote kinachoifanya fedha iwe ghali kinaiumiza sola zaidi kuliko dizeli, na uchumi wa dunia unapogawanyika, kitu kinachopanda bei haraka katika nchi kama yetu ni fedha.

Tuchukulie mradi wenu ni wa shilingi milioni 30 kwa mkopo wa miaka mitano unaolipwa kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka mtalipa takribani shilingi 623,000 kwa mwezi, jumla milioni 37.4. Kwa riba ya asilimia 18 mtalipa takribani 762,000, jumla milioni 45.7. Tofauti ni milioni 8.3, ilhali paneli zote za mradi huo, kwa makadirio yale ya moja ya tano, ni milioni 6. Yaani nafuu ya riba ina thamani kubwa kuliko kupewa paneli bure. Ndiyo maana mjumbe wa kamati yenu anayezunguka kutafuta mkopo wa masharti nafuu anafanya kazi yenye faida kuliko yule anayelinganisha bei za paneli Kariakoo, ingawa huyu wa pili ndiye anayerudi na hadithi tamu zaidi.

Fedha za masharti nafuu zimekuwa zikitoka kwa kiasi kikubwa nje, na huko mambo yamebadilika. Mpango wa Power Africa wa kueneza umeme barani, ulioanzishwa na Marekani mwaka 2013, ulikoma mwaka 2025 pamoja na kufungwa kwa USAID, shirika la misaada la nchi hiyo. Upande wa pili, Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam katika mkutano wa nishati wa Misheni 300, unaoongozwa na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwa lengo la kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Fedha hazijakauka, ila mkondo umehama kutoka kwa wahisani wa nchi moja moja kwenda kwenye benki za maendeleo, ambazo hupitisha mikopo serikalini, Wakala wa Nishati Vijijini na benki za ndani. Chama cha ushirika chenye hesabu zilizokaguliwa kina nafasi hapo. Kisicho nazo hakina.

Kuna pia suala la shilingi. Mwaka 2023 na 2024 dola ziliadimika nchini na shilingi ikashuka thamani, na bidhaa ambayo bei yake kiwandani ilikuwa inashuka ikapanda dukani kwetu. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo bei mtakazopewa zitakuwa za shilingi. Someni hata hivyo kama mkataba haujaficha kifungu kinachoruhusu bei ibadilike kufuata dola.

Nishati jadidifu si sola tu, na mkoa wa Mbeya na jirani zake ni mahali pazuri pa kuona jinsi mgawanyiko wa dunia unavyoigusa kila aina kivyake. Katika bonde la Mto Mwenga, Mufindi, kuna mtambo wa maji wa megawati 4 unaofanya kazi tangu mwaka 2012, ukiuza umeme TANESCO na kuhudumia vijiji jirani, na mwaka 2020 ukaongezewa mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4 ili kufidia kiangazi, maji yanapopungua. Katika mtambo mdogo wa maji, sehemu kubwa ya gharama ni mfereji, kizuizi, bomba na nyumba ya mashine, kazi ambazo mafundi wetu wanaziweza kwa saruji ya kwetu. Kinachotoka nje ni mashine yenyewe na vidhibiti vyake. Mtambo wa upepo ni kinyume chake: mapanga, jenereta na vidhibiti vyote huja melini, na kikiharibika kifaa kimoja adimu unasubiri. Kwa hiyo dunia inavyozidi kujifungia, maporomoko madogo ya Rungwe, Njombe na Ludewa yanazidi kuwa na thamani ikilinganishwa na upepo, na ninasikitika kwamba mazungumzo ya nishati siku hizi yameisahau hiyo habari. Jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, ya Ngozi na Kiejo-Mbaka, huko kwenu, iko kati: joto ni letu, lakini uchorongaji ni ghali na wenye bahati nasibu, na bila mkopo wa nafuu unakwama mapema kuliko vyote.

Na mgawanyiko huo una sura nyingine hapo mkoani Songwe. Eneo la Ngualla lina madini adimu, yakiwemo neodimia na praseodimia, yanayotengeneza sumaku za mitambo mingi ya upepo na za mota za magari ya umeme. Aprili 2025 China ilianza kuhitaji leseni kwa baadhi ya madini adimu na sumaku zinazouzwa nje, na viwanda vya Marekani na Ulaya vikahaha. Mwaka huo huo wanahisa wa Peak, kampuni ya Australia iliyokuwa na mradi wa Ngualla, walikubali kuiuza kwa Shenghe ya China. Madini ya milima yetu yamo ndani ya ugomvi huu kama silaha, hata kama umeme wa tangi lenu hauyategemei.

Nirudi kwenye tangi. Kushusha joto la lita 1,000 za maziwa kutoka nyuzi 33 hadi 4 kunahitaji kuondoa joto linalolingana na uniti 32 hivi, na kwa kompresa ya kawaida hiyo ni kati ya uniti 10 na 15 za umeme kwa tangi lililojaa. Msikimbilie kununua paneli na betri za kubeba mzigo wote huo. Anzeni na maji: mkiyapitisha maziwa kwenye kipoozeo cha sahani kinachotumia maji baridi ya chemchemi, yakafika tangini yakiwa karibu na nyuzi 22, mmepunguza zaidi ya theluthi ya kazi bila kuagiza chochote cha lithiamu. Hatua ya pili ni tangi la barafu, ambapo sola ya mchana inagandisha maji kuzunguka mirija na barafu hiyo inapoza maziwa ya jioni. Takribani kilo 350 za barafu zinabeba baridi ya tangi zima. Betri ndiyo kifaa kinachochakaa mapema na kinachofuata dola kwa karibu zaidi, kwa hiyo kila uniti mnayoihifadhi kama barafu ya maji ya Rungwe ni uniti isiyowategemea wauzaji wa nje. Bakizeni betri ndogo, ya lithiamu ya chuma na fosfati, kwa ajili ya taa, mizani na vidhibiti.

Jambo moja mafundi wa mjini hawatawaambia wasipoulizwa: Tukuyu si Makambako. Nyinyi mna mvua kuanzia Novemba hadi Mei, na siku za Machi na Aprili zenye wingu zito paneli inaweza kutoa chini ya nusu ya kile inachotoa Agosti. Hesabu iliyofanywa kwa jua la mahali pakavu kama Usangu itawaacha na maziwa yaliyochacha. Endeleeni kuutumia umeme wa gridi kama nguzo, sola iwe ya kupunguza bili na kufidia umeme unapokatika mchana, na jenereta ibaki kwa usiku wa dharura. Inveta nayo ipimwe kwa mshtuko wa kuwaka kwa kompresa, ambao ni mara kadhaa ya matumizi yake ya kawaida, au kompresa ifungiwe kifaa cha kuiwasha taratibu.

Katika zabuni, takeni bei ya shilingi isiyobadilika kwa angalau siku 60, orodha ya misamaha ya kodi ambayo muuzaji ameitumia, kwa kuwa misamaha hiyo hupitiwa katika kila bajeti ya Juni, na aina ya inveta ambayo vipuri vyake vinapatikana Mbeya au Dar es Salaam kwa muuzaji zaidi ya mmoja. Epukeni inveta inayokubali betri za kampuni moja pekee. Ikitokea kampuni hiyo ikafungiwa au ikaacha soko letu, mtalazimika kubadilisha vyote viwili. Mimi ningetangaza zabuni Aprili ili mafundi wafunge kati ya Juni na Agosti paa likiwa kavu, na ningeiweka inveta ya akiba ndani ya bei ya zabuni tangu mwanzo, kwa kuwa kuiombea fedha baadaye kutahitaji mkutano mkuu mwingine.